Kijana Akija Karakana: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Useremala kwa Stuli Moja

Mafundi wengi wana lalamiko moja. Wanampokea kijana, wanakaa naye nusu mwaka, kisha anaondoka bila hata kujua kukata ulimi (ncha iliyochongwa mwishoni mwa mbao) ukaingia tundu la mbao nyingine. Vijana nao wana la kwao: wamefagia, wamebeba mbao, wametumwa huku na kule, wamepiga msasa kazi za fundi hadi vidole vikachubuka, na hakuna kitu hata kimoja wanachoweza kukiita chao.

Chanzo ni mambo mawili. La kwanza, kijana hapewi kitu kizima cha kutengeneza. La pili, na hili ndilo gumu, fundi hawezi kuzuia mikono yake. Akiona msumeno unapinda, anaunyakua na kumalizia mwenyewe. Kazi inatoka nzuri, lakini kijana hakujifunza chochote isipokuwa kwamba yeye hawezi.

Mwongozo huu unamhusu fundi anayetaka kurudisha kwa vijana kile alichopewa na aliyemfundisha. Utamfundisha kijana kutengeneza stuli moja kwa zana za mkono, kuanzia kunoa patasi hadi kupaka mafuta. Stuli ina miguu minne, reli nne (mbao zinazounganisha miguu), kikalio na viungo vinane vya ulimi na tundu. Viungo hivyo ndivyo vinavyobeba meza, viti, vitanda na fremu za milango, kwa hiyo atakayevimudu ameshika uti wa mgongo wa kazi hii.

## Vitu vya kuandaa kabla kijana hajafika

Zana za kijana. Zitenge ziwe zake kwa muda wote wa mafunzo. Kijana anayeazima patasi kila mara hajifunzi kuitunza.

- Patasi mbili: ya mm 10 na ya mm 25
- Randa ya mkono ya ukubwa wa kati, yenye urefu wa karibu sm 35
- Msumeno mfupi wenye uti wa chuma mgongoni, kwa ajili ya ndimi, na msumeno wa kawaida wa mkono wa kukatia mbao
- Skwea ya kupimia pembe mraba, geji ya kuchorea mistari, kisu chenye ncha, penseli na tepu ya kupimia
- Nyundo ya mbao
- Mawe mawili ya kunolea, moja la namba 1000 na jingine laini la namba 4000 au zaidi. Msasa wa maji uliobandikwa juu ya kioo kinene unaweza kushika nafasi ya mawe
- Klampu nne zinazofunguka zaidi ya sm 40
- Drili au kekee, pamoja na skrubu chache
- Benchi imara yenye jiliwa la kubania mbao. Benchi linalotikisika litamharibia kila mstari, na yeye atadhani kosa ni la mkono wake

Kinga. Miwani, barakoa ya vumbi, viziba masikio, viatu vilivyofunika vidole na sanduku la huduma ya kwanza. Vumbi lisidharauliwe. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, ililiweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Fundi aliyekohoa miaka yote bila kujali asimrithishe kijana tabia hiyo.

Mbao. Vipimo hivi ni baada ya kupigwa randa:

- Miguu 4: mm 45 × 45 × 455
- Reli 4: mm 30 × 70 × 304
- Kikalio 1: mm 22 × 380 × 380, kilichoungwa kwa mbao mbili au tatu
- Vipande vya mazoezi: mbao laini kama paini, angalau za kutosha miguu miwili na reli mbili

Miguu imezidi mm 25 kwa makusudi. Sababu yake itaonekana kwenye Hatua ya 5.

Mbao iwe kavu. Kwa mazoea ya mafundi, mbao inayokaushwa kwa hewa kivulini huhitaji karibu mwaka mmoja kwa kila mm 25 za unene. Mbao hunywea kwa upana na unene, ila kwa urefu karibu hainywei kabisa. Ulimi uliokatwa kwenye mbao mbichi utabana vizuri leo, kisha utanywea na stuli itacheza. Usimpe kijana mbao mbichi eti kwa sababu anajifunza tu. Atafanya kila kitu sawasawa na bado stuli italegea, na hapo utakuwa umemvunja moyo kwa kosa lako.

## Hatua ya 1: Makubaliano kabla ya zana

Kaa na kijana, na mzazi au mlezi wake kama umri unahitaji, mwandike mambo haya: siku na saa za kazi, atakachojifunza na kwa mpangilio gani, posho, nani analipia zana zikivunjika, na nini kitafanyika akiumia.

Andikeni. Maneno ya mdomo husahaulika kazi zikibanana, na anayeumia huwa ni kijana. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 208 kuhusu uanagenzi bora, na makubaliano ya maandishi ni mojawapo ya mambo linayoyataka.

Umri nao una mipaka. Mkataba Na. 138 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1973, unaweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa kwa ujumla, na miaka 18 kwa kazi za hatari. Zipo nafuu chache zenye masharti, na sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo isome. Misumeno ya mashine na mashine za kupiga randa zihesabu kuwa kazi ya hatari bila kujadili.

Akija binti, mpe benchi lilelile, patasi zilezile na ratiba ileile. Kiungo kizuri hutoka kwa jicho na makali, nguvu za mabega zina sehemu ndogo sana hapo. Ukimweka kwenye msasa na rangi tu, umemfungia mlango baada ya kumkaribisha ndani.

Utajua hatua imekamilika: kijana anaweza kukueleza kwa maneno yake atajifunza nini mwezi huu na atalipwa nini.

## Hatua ya 2: Kunoa

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapofia. Patasi butu humlazimisha kijana kusukuma kwa nguvu. Patasi humteleza, mkono unaumia, mstari unaharibika. Ukimwona anatoka jasho kwenye kazi nyepesi, tazama makali kabla ya kumtazama yeye.

Anza na mgongo wa patasi, yaani upande ulio bapa. Alaze sm 3 za mwisho juu ya jiwe la namba 1000 lililoloweshwa, asugue kwenda na kurudi bila kuinua mpini hata kidogo. Lengo ni mgongo uwe bapa na wenye mkwaruzo wa aina moja hadi ukingoni. Kazi hii hufanywa mara moja katika maisha ya patasi, na inachosha. Mwache achoke.

Kisha upande wa mteremko. Pembe ya digrii 25 hadi 30 inafaa kazi hii. Huhitaji kifaa cha kupimia pembe: mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa patasi, pembe yake ni digrii 30. Aweke mteremko ulale juu ya jiwe, akandamize kwa vidole viwili karibu na makali, asugue kwa mwendo mfupi huku viwiko vikikaribiana na mbavu. Mkono ukipanda na kushuka, mteremko utakuwa mviringo na makali hayatafika ncha.

Asugue hadi apate ukunjo mwembamba wa chuma upande wa mgongo, uliokwenda ukingo mzima. Aupapase kwa kuburuta kidole kutoka kwenye mgongo kuelekea nje ya makali, kamwe asipitishe kidole kufuata urefu wa ukingo. Ukunjo huo ndio ushahidi kwamba pande mbili zimekutana. Kama upo katikati na pembeni haupo, kazi haijaisha.

Baada ya hapo ahamie jiwe laini: mteremko mara chache, mgongo mara chache, kwa kupokezana, hadi ukunjo udondoke.

Onyo: asijaribu makali kwa kidole gumba wala kwa kunyoa nywele za mkono. Ajaribu kwenye paini, upande wa kichwa cha mbao ambako nyuzi zimekatwa. Patasi kali hukata kichwa hicho kikabaki kinang'aa kidogo, bila nyuzi kuvunjika wala kupondeka. Patasi butu huacha vumbi na mashimo meupe.

Utajua hatua imekamilika: anapata uso huo unaong'aa kwa patasi zote mbili na kwa kisu cha randa, wewe ukiwa umekaa mbali. Tangu siku hiyo, kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kunoa, kabla ya ufagio.

## Hatua ya 3: Kunyoosha mbao kwa randa

Kila mbao inahitaji uso mmoja na ukingo mmoja wa kutegemewa. Vipimo vyote baadaye vitatoka hapo. Bila sehemu hizo mbili, skwea itadanganya na geji itadanganya.

Mwonyeshe kwanza mwelekeo wa nyuzi. Atazame ubavu wa mbao: nyuzi zikipanda kuelekea mbele, randa iende upande huohuo. Akienda kinyume, randa itang'oa vipande na kuacha mashimo. Mwache apige kinyume mara moja kwenye kipande cha mazoezi ili asikie tofauti ya sauti. Randa inayokwenda sawa hutoa mlio mmoja usiokatika; inayokwenda kinyume hukwaruza na kudunda.

Mwanzoni mwa pigo aweke uzito mkono wa mbele, katikati asawazishe, mwishoni ahamishie mkono wa nyuma. Asipofanya hivyo, mbao itainama miishoni.

Kuona kama mbao imejipinda, aweke vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa mbao, kisha achuchumae na kutazama kwa usawa wa juu yake. Vijiti vikiwa sambamba, mbao iko sawa. Kimoja kikiinua bega, apunguze pembe zilizo juu.

Akishapata uso, auwekee alama ya penseli. Apige ukingo mmoja hadi skwea ikae bila mwanga kupenya, auwekee alama pia. Ndipo atumie geji kupata upana na unene.

Utajua hatua imekamilika: maranda yanatoka marefu, yenye upana sawa, na skwea haipitishi mwanga popote penye alama. Kwa miguu minne na reli nne, kazi hii inaweza kuchukua siku kadhaa. Usimharakishe na usimsaidie.

## Hatua ya 4: Kuchora mistari

Nusu ya viungo vibovu huharibika hapa, kabla msumeno haujashikwa.

Miguu yote minne ipangwe pamoja, miisho ikilingana, ifungwe kwa klampu, na mistari ya matundu ivutwe mara moja kupita juu ya yote. Ukipima mguu mmoja mmoja, utapata miguu minne yenye vipimo vinne. Reli nazo zifanyiwe vivyo hivyo.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Juu kabisa ya mguu acha mm 25 za ziada ambazo zitakatwa mwishoni. Chini ya hapo acha mm 20 nyingine, ndipo tundu lianze, na liwe na urefu wa mm 45. Kwenye reli, ulimi una urefu wa mm 27 kila mwisho, hivyo kati ya bega na bega, yaani pale ndimi zinapoanzia, panabaki mm 250. Upana wa ulimi ni mm 45: punguza mm 20 juu na mm 5 chini. Unene ni mm 10, theluthi moja ya unene wa reli. Ulimi mnene kuliko hapo unadhoofisha kuta za tundu, na mwembamba kuliko hapo unakatika wenyewe.

Geji isiwekwe kwa rula. Iwekwe kwa patasi yenyewe ya mm 10, kwa sababu tundu litakuwa na upana wa patasi, si wa tarakimu. Na kila mara kichwa cha geji kiegemee uso wenye alama.

Mistari ya mabega ichorwe kwa kisu, siyo penseli. Penseli ina unene, na kijana hajui akate upande gani wa unene huo. Kisu hukata nyuzi za juu na kuacha kitako ambamo patasi itajikalisha yenyewe.

Mwisho, aweke alama ya X kila sehemu itakayotupwa, na aandike namba: mguu 1 na reli A, na kuendelea. Kila mguu una nyuso mbili za ndani zinazopakana, na kosa la kuchimba tundu kwenye uso wa nje linampata hata fundi wa miaka mingi. Asimamishe miguu minne wima kama stuli itakavyokuwa, ndipo aweke alama za ndani.

Utajua hatua imekamilika: unachukua kipande chochote na kumuuliza kipi kinabaki, kipi kinatupwa, kinaungana na nani, naye anajibu bila kusita.

## Hatua ya 5: Kuchimba matundu

Matundu kwanza, ndimi baadaye. Ulimi unaweza kupunguzwa kidogo kidogo hadi uingie. Tundu likishapanuka halirudi.

Mguu ufungwe klampu juu ya benchi, mahali ambapo chini yake kuna mguu wa benchi, ili pigo lisipotee kwa kudunda. Afunge utepe kwenye patasi ya mm 10, mm 29 kutoka kwenye makali. Hiyo ndiyo alama ya kina. Mm 2 zinazozidi urefu wa ulimi ni nafasi ya gundi. Bila nafasi hiyo, gundi hukwama chini na bega halifungi.

Asimame mwisho wa mguu, ili aone kama patasi imesimama wima. Wewe kaa ubavuni uone kama inainama mbele au nyuma. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo jicho lako linahitajika, na liwe jicho tu.

Aanzie mm 3 ndani ya mstari wa mwisho, apige patasi, asogee mm 3 nyingine, apige tena, hadi abakize mm 3 upande wa pili. Akishavunja, anyanyue takataka kwa kukongoa taratibu. Arudie tabaka kwa tabaka. Zile mm 3 za miisho ndizo zinazobeba patasi wakati wa kukongoa, ndiyo maana mistari ya miisho inabaki bila kupondeka. Zikatwe mwisho kabisa, wima, kwa mapigo mawili matatu.

Mm 25 zilizoachwa juu ya mguu zinafanya kazi sasa. Bila nyama hiyo, kila pigo karibu na kichwa cha mguu lingekuwa linausukuma upasuke.

Matundu mawili ya kila mguu yatakutana ndani. Kabla ya kuchimba la pili, aingize kipande cha mbao kinachobana kwenye la kwanza, vinginevyo ukuta wa ndani utamomonyoka.

Onyo: mikono yote miwili iwe nyuma ya makali, kila wakati. Mkono mmoja kwenye patasi, mwingine kwenye nyundo. Kazi ishikwe na klampu, isishikwe na kiganja. Kijana akivunja kanuni hii, simamisha kazi papo hapo, hata kama mteja anasubiri mlangoni.

Utajua hatua imekamilika: rula ndogo iliyosimamishwa ndani ya tundu inaegemea kuta bila kuyumba, na utepe unagusa uso wa mbao kila mahali. Tundu la kwanza kwenye paini litakuwa baya. La tatu litakuwa na afadhali. Asiguse mguu wa stuli hadi apate mawili mazuri mfululizo kwenye mbao za mazoezi.

## Hatua ya 6: Kukata ndimi

Reli ifungwe kwenye jiliwa ikiwa imeinama, ili kijana aone mistari miwili kwa pamoja: ule wa kichwani na ule wa ubavuni. Aanze kukata kwenye kona iliyo karibu naye, msumeno ukiwa upande wa X, ukiugusa mstari bila kuula. Akifika nusu, ageuze reli akate kutoka upande wa pili. Kisha asimamishe reli wima na kukata moja kwa moja hadi kwenye bega. Msumeno utafuata njia mbili zilizokwisha kukatwa.

Ushikaji una siri yake ndogo. Kidole cha shahada kinyooke kufuata msumeno, vidole vitatu vishike mpini kwa ulegevu. Kijana anayekaba mpini kwa ngumi hupinda. Mlegeze mkono kwa maneno, usimshike.

Mabega yakatwe mwisho. Kabla ya msumeno, achonge kifereji kidogo kwa patasi upande wa X wa mstari wa kisu. Msumeno utakaa humo na bega litatoka safi bila nyuzi zilizochanika.

Ncha za ndimi zikatwe kwa pembe ya digrii 45, upande mrefu ukiwa upande wa nje wa stuli, ili ndimi mbili zinazokutana ndani ya mguu zisigongane.

Sasa kujaribu. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa kwa kugongwa kidogo. Ukiinua reli, mguu unapaswa kuning'inia bila kudondoka. Ukihitaji nyundo nzito, acha: gundi ikiongezwa, mguu utapasuka. Apunguze shavu la ulimi, yaani ubavu wake mpana, kwa patasi ya mm 25, tabaka jembamba, ajaribu tena. Ukilegea, abandike ukanda mnene wa maranda ya mbao hiyohiyo kwenye shavu kwa gundi, usubiriwe ukauke, apunguze upya. Hilo ni rekebisho halali, na afadhali alijue mapema.

Hapa ndipo utakapotaka kumnyang'anya msumeno. Utaona mstari unaachwa, mkono wako utanyooka wenyewe. Usiunyooshe. Muulize: msumeno uko upande gani wa mstari? Akiona mwenyewe, atarekebisha na hatasahau. Reli ikiharibika, mpe nyingine. Kipande cha mbao ni gharama ndogo ukilinganisha na kijana aliyeamini kwamba hana mkono wa kazi.

Kuhusu sifa, wapo mafundi wanaoshikilia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo wanakaa kimya hata kazi ikiwa nzuri. Sikubaliani nao. Sifu, lakini taja kitu: bega hili limefunga pande zote nne. Sifa ya jumla haimwambii arudie nini.

Utajua hatua imekamilika: bega limegusa mguu pande zote na karatasi haipiti.

## Hatua ya 7: Kuunga kikavu, kisha gundi

Aunganishe stuli nzima bila gundi kwanza. Apime mshazari kutoka kona hadi kona kwa nje ya miguu. Pande zikiwa mm 340, mishazari yote miwili iwe karibu mm 481, na la muhimu zaidi ilingane. Isipolingana, asogeze klampu kidogo ziinamie upande wa mshazari mrefu.

Gundi ipakwe kwenye kuta za tundu na mashavu ya ulimi, tabaka jembamba. Aunge pande mbili kwanza, kila moja ikiwa na miguu miwili na reli moja, zikauke, ndipo aziunganishe kwa reli mbili zilizobaki. Kuunga vyote vinane kwa mpigo humchanganya anayeanza, na gundi haimsubiri. Kwa gundi nyeupe ya mbao, klampu zikae angalau saa moja, na stuli isibebe uzito hadi saa 24 zipite.

Siku ya pili akate zile mm 25 za juu, apige randa vichwa vya miguu vilingane na reli. Mguu mmoja ukining'inia sakafuni, aweke stuli juu ya sehemu bapa, aingize vijiti vyembamba chini ya mguu mfupi hadi itulie, achore mstari kuzunguka miguu yote kwa kimo kimoja, akate.

## Hatua ya 8: Kikalio na umaliziaji

Kikalio kisigongomelewe misumari wala kugundishwa kwenye reli. Mbao pana kiasi hicho hutanuka na kunywea kwa milimita kadhaa kufuatana na unyevu wa hewa, na ikizuiwa itapasuka katikati. Atoboe reli kutoka chini. Matundu ya skrubu yawe marefu kidogo kuelekea upande wa upana wa kikalio, yaani kukatiza nyuzi zake. Akaze skrubu ishike bila kuikaba.

Msasa uende namba 80, 120, kisha 180, kwa kufuata nyuzi. Kukatiza nyuzi huacha mikwaruzo isiyoonekana hadi mafuta yapakwe. Kisha apake mafuta ya mbegu za kitani.

Onyo kubwa: vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbegu za kitani hupata joto vyenyewe vinapokauka, na vikirundikwa vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja, au vizamishwe ndani ya maji kabla ya kutupwa. Mfundishe hivyo siku ya kwanza ya mafuta, siyo baada ya moshi.

Mafuta yakikauka, stuli ni yake. Aipeleke kwao. Usiiuze, hata mteja akiitamani.

## Hatua ya 9: Stuli ya pili, kisha mashine

Stuli ya pili aitengeneze peke yake, kuanzia kuchagua mbao. Wewe ujibu maswali tu. Hii ndiyo ya kuuzwa, na apate sehemu yake ya fedha siku hiyohiyo. Kijana ambaye kazi yake inauzwa anastahili malipo, hata kama bado ni mwanagenzi. Kumwambia kwamba ujuzi ndio mshahara wake ni kumdhulumu kwa sauti ya upole.

Mashine zije baada ya hapo, kwa aliyetimiza umri. Atakuwa anajua mbao iliyonyooka inaonekanaje, kwa hiyo ataitawala mashine badala ya kuiamini. Kanuni zake ni hizi: asivae glovu wala nguo inayopepea karibu na kisu kinachozunguka, achomoe umeme kabla ya kubadilisha kisu, atumie kijiti cha kusukumia mbao fupi, na asisimame moja kwa moja nyuma ya mbao kwenye msumeno wa duara, kwa sababu ikinaswa hurudishwa kwa kasi kubwa.

## Hatua ya 10: Kumtoa

Siku ya kuondoka mpe barua inayotaja kazi moja moja anazoziweza: kunoa, kunyoosha kwa randa, tundu na ulimi, kuunga kikalio, mashine alizozizoea. Barua inayosema tu kwamba ni mchapakazi haimsaidii kupata kazi. Mpe patasi zake mbili na jiwe. Kama nchini kwako kuna mfumo wa kupima na kuthibitisha ujuzi uliopatikana kazini, msindikize akajiandikishe, maana cheti hicho humfungulia zabuni na ajira ambazo mkono pekee haufungui.

Kabla hajaondoka, pokea kijana mwingine na umwachie huyu wa kwanza amfundishe Hatua ya 2 yote. Kaa upande wa pili wa benchi umsikilize. Ukisikia amekosea pembe au amenyakua patasi mkononi mwa mwenzake, mweleze faraghani baada ya kazi, kisha kesho yake arudie somo hilohilo.